Lebo Iliyochanwa ya Unga wa Somoe

Jumapili. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo hakuna, Nachingwea yote inanukia maua ya mikorosho. Na mimi nina wivu. Nimeona niandike hivyo mwanzoni kabisa, nisizunguke.

Baba Nasra, mume wangu, kazi yake ni kuchomea mageti. Jioni yeye na wenzake hunyanyua vyuma nyuma ya karakana. Vyuma vyenyewe ni mabomba yenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege huku na huku. Siku hizi kifua kimemtanuka, mashati yanambana, na mimi nilikuwa najisifu kimoyomoyo. Nauza unga wa lishe, na kila asubuhi namkorogea uji wa unga huo. Nikajua kifua kile ni kazi yangu.

Leo nimefungua begi lake la mazoezi nitoe nguo za kufua. Chini ya nguo nimekuta pakiti ya unga wa protini, imebaki nusu. Sehemu ya juu ya lebo, penye jina la mtengenezaji na namba ya simu, imechanwa. Imebaki picha ya kiganja kilichojaa ufuta, na maandishi ya chini.

Picha hiyo naijua. Niliiona sokoni Ruangwa nilipopeleka unga wangu, kwenye meza ya Somoe wa Chinongwe. Siku hiyo nilijifanya nachagua dagaa kwenye meza ya pili, kumbe namtazama yeye anavyouza.

Somoe ndiye aliyeposwa na mume wangu kabla yangu. Posa ilivunjwa na wazee kwa ugomvi wao wa shamba. Wenyewe wawili hawakugombana, na hapo ndipo panaponiuma. Waliogombana huachana yakaisha. Mama mkwe wangu kule Malolo mpaka leo akikosea jina langu, huniita Somoe.

Nikaketi jikoni na pakiti yangu. Yaani pakiti yao.

Nilitaka kukuta uongo. Biashara yetu hii uongo hautafutwi kwa tochi: mtu anaandika korosho kwa herufi kubwa, ukionja unakuta mahindi yaliyopitishwa karibu na korosho. Nikasoma lebo neno kwa neno. "Mashudu ya ufuta. Soya. Hakuna mahindi, hakuna muhogo, hakuna sukari."

Mashudu. Yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, tunayowapa kuku. Wote tunaofanya kazi hii tunajua kwamba nguvu yote imebaki humo, ila huku kwetu nani atamwandikia mteja kwamba anamuuzia chakula cha kuku? Somoe ameliandika neno hilo la kwanza kabisa, na watu wanapanga foleni.

Nikasema haya, hakuna mahindi, tutaona. Nikaenda duka la dawa nikanunua iodini ya vidonda. Shuleni tulifundishwa kuidondoshea kwenye kiazi, kiazi kikageuka cheusi kwa sababu ya wanga. Haipimi protini, lakini unga uliochanganywa mahindi au muhogo inauumbua hapo hapo.

Nikaweka unga wa Somoe kwenye kisahani, nikaukoroga na maji, nikadondosha. Nikaomba uwe mweusi. Sijaomba kitu kwa moyo wangu wote hivi tangu Nasra augue surua.

Haukuwa mweusi. Ulibaki na rangi ile ile ya dawa.

Nikaulamba ule mkavu. Soya imekaangwa sawasawa, ubichi haumo. Uchungu wa ufuta upo kidogo, hakuficha kwa sukari. Ni unga mzuri. Nimeandika sentensi hiyo nikiwa nimeuma meno.

Nikadondosha na kwenye unga wangu, ule wa pakiti zilizoandikwa "Nguvu ya Korosho". Ukawa mweusi kama masizi ya chungu. Nilijua, mahindi nayatia mwenyewe, lakini kujua na kuona ni mambo mawili.

Baba Nasra amerudi adhuhuri, amekuta visahani viwili mezani na pakiti katikati. Akasimama mlangoni.

"Aa, Mama Nasra. Huo ni unga tu."

"Unga tu ungekuwa na jina."

Akakaa. "Nimechana ili usiudhike."

"Kwa hiyo ulijua nitaudhika."

Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefunguka. Akasema alinunua kama wanavyonunua wengine: salamu, unga, akaondoka. Salamu za huku nazijua. Mpaka mmalize kuulizana nyumbani, shambani na hali ya mama, uji uliokuwa motoni umeganda.

"Ungeniambia unataka unga wa mazoezi, ningekutengenezea."

"Wako ni uji wa watoto, Mama Nasra. Nilishindwa kukuambia."

Hilo liliniuma kuliko Somoe.

Sijapiga kelele. Nimempakulia ugali, amekula, amelala. Sasa nafua zile nguo zake, naandika hapa mikono ikiwa na povu. Kiunoni nimefunga kanga, na sasa hivi ndiyo naona imeandikwa "Wenye wivu wajinyonge". Niliinunua mwenyewe, nikiwa na mtu mwingine kichwani.

Kinachonikaba ni hiki. Asubuhi nzima nimemtafuta mwongo ndani ya pakiti. Nimeuonja, nimeumwagia dawa, na unga wa mwanamke yule umesema ukweli wote, hadi neno la aibu. Jina lake pia alikuwa ameliandika, juu, mahali pake. Aliyelichana analala chumbani kwangu.

Nimeamua. Pakiti zangu zijazo zitaanza na neno mahindi, na atakayecheka na acheke. Na kesho naenda Ruangwa mwenyewe. Nitasimama mbele ya meza ya Somoe, si kwenye dagaa, nitamsalimia salamu ndefu, nyumbani, shambani, mpaka mama, nitanunua pakiti nzima yenye jina na nitaiweka mezani hapa, karibu na chumvi. Baba Nasra akitaka kunywa, atakunywa hapo, jina likisomeka, na mimi nikimtazama usoni.