Kilomita za Karatasi, Kilomita za Theluji

Jumapili, 5 Februari

Naliomba radhi daftari hili. Najua daftari halikasiriki. Lakini mtu aliyefundisha sarufi maisha yake yote, akawakaripia watoto kwa kutoandika shajara zao, hana haki ya kunyamaza tangu Novemba bila kusema neno.

Sababu ni gari. Nilitaka kuandika sentensi moja: Gari limefika. Kiima na kiarifu, basi. Nikaisubiri. Gari halikufika, sentensi haikuandikwa, na nyingine zote zikakwama nyuma yake.

Hali ni hii. Niliagiza gari la umeme mwezi Juni, lenye betri kubwa. Jostein, muuzaji, akasema litafika Novemba. Oktoba nikauza lile la dizeli. Novemba ikawa Januari. Januari ikawa "mapema mwaka huu". Sasa nakwenda kwa basi kumwona mke wangu Ingebjørg katika nyumba ya wazee mjini Odda, upande wa pili wa mlima, na upepo ukivuma barabara hufungwa na basi haliendi. Mwezi uliopita nilimwona mara mbili tu.

Mara mbili!

Jumatano, 8 Februari

Nimempigia Jostein. Alikuwa mwanafunzi wangu. Bado ananiita Mwalimu, na bado hajibu swali aliloulizwa.

— Meli imechelewa, Mwalimu.
— Ipo wapi?
— Njiani.
— Njia ipi?
— Ya kuja huku.

Nikakata simu kabla sijasema jambo la kujutia.

Jumapili, 12 Februari

Basi limevuka mlima leo. Ingebjørg alikuwa dirishani, bomba la oksijeni puani, akigombana na dada yake Borghild juu ya fumbo la maneno gazetini. Hao wawili hawakuwahi kuishi pamoja tangu walipokuwa wasichana. Ndiyo maana alichagua nyumba ile ya wazee, aliko Borghild, si hii ya kwetu Ål. Sikupinga. Nilidhani kilomita mia moja na tisini si kitu kwa mtu mwenye gari.

Anataka kuja nyumbani Pasaka. Anataka kukaa nje kwenye ukuta wa kusini, ngozi ya kulungu chini yake, blanketi magotini, amenye chungwa huku jua likimchoma pua. Alisema hivyo akitazama nje, si kunitazama mimi.

Daktari ameruhusu. Synnøve, muuguzi wa zamu, akanieleza masharti. Ingebjørg asipatwe na baridi hata kidogo. Mapafu yale hayataki mzaha. Asafiri na chupa za oksijeni. Nyumba hutoa mbili tu kwa gari la mtu binafsi, kwa usalama: moja ya kuja, moja ya kurudi. Kila moja hudumu saa nne hivi.

— Hivi? nikauliza.
— Inategemea anavyovuta pumzi.

Nikauliza kama naweza kupata nyingine huku Ål. Hapana. Huduma ya nyumbani wanayo mashine ya kuchomeka ukutani, chupa hawana. Nikauliza teksi ya wagonjwa. Akacheka kwa upole. Teksi ile ni ya kwenda kutibiwa, si ya kwenda kula sikukuu.

Njia yenyewe ni saa tatu, barabara ikiwa njema. Kwa hiyo gari likija kabla ya Pasaka, yote yanawezekana. Nadhani.

Ijumaa, 17 Februari

Jostein amepiga mwenyewe! Si gari langu. Ananiazima la maonyesho hadi Jumatatu, "ili Mwalimu aonje". Aina ileile, ila lina betri ndogo. Karatasi yake inasema kilomita mia nne na kumi. Langu lenye betri kubwa, mia tano na sitini.

Oddrun, jirani yangu, alikuja kulitazama, mikono mfukoni. Yeye ana gari la umeme la zamani linaloweza kwenda Geilo na kurudi, na hapo limemaliza kazi yake ya siku.

— Mia nne na kumi! Walipimia wapi, sebuleni?
— Ni kipimo rasmi, nikamwambia.
— Toa theluthi, jirani. Baridi ikizidi, toa nusu. Na upepo ukiwa wa mbele usitoe kitu. Kaa nyumbani.

Watu wote hapa wana namba zao. Hakuna wawili wenye namba moja.

Jumamosi, 18 Februari

Naandika nikiwa Odda, katika chumba cha wageni cha nyumba ya wazee.

Nimefika. Kutoka Ål hadi hapa bila kuchaji popote, na betri imebaki asilimia kumi na moja. Baridi ilikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Niliandika namba hizo mara moja nilipozima gari.

Mlima ulikuwa wa kuvukwa kwa msafara. Kizuizi cha Haugastøl kilikuwa kimeshuka, na sote tukapanga magari nyuma yake kungoja lile la kuondoa theluji lituongoze. Tulingoja kama saa nzima. Katika kila gari niliona kofia ya sufu, skafu, glavu. Hakuna kioo ambacho barafu yake ilikuwa imeyeyuka. Baadaye watu wakashuka, chupa za kahawa mkononi, wakaanza.

Mwanamume mmoja wa Drammen akasema yeye hupata kilomita mia tatu na ishirini majira ya baridi.

— Labda ukiwa unavutwa na trekta, mama mmoja akamjibu.
— Mimi naendesha polepole, mama.
— Tumeona. Tulikuwa nyuma yako tangu Geilo!

Watu wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Kisha huyo mama akasema gari lake lilimwambia mia mbili na themanini alipoondoka, mia mbili na kumi alipofika kizuizini, na alikuwa amekwenda kilomita hamsini tu. Nyingine ishirini zimekwenda wapi? Hakuna aliyejua. Mmoja akasema ni upepo. Mwingine akasema ni kimo. Wa Drammen akasema ni huyo mama mwenyewe, mguu wake mzito. Nikatoka pale sijui zaidi ya nilivyokuja, ila nimepewa kipande cha chokoleti.

Halafu taa za njano zikawaka mbele na tukafuatana, kila mmoja akikazia macho taa nyekundu za mwenzake. Sikuona barabara. Niliona taa mbili, na ile asilimia kwenye dashibodi.

Nilipomshika Ingebjørg mkono alipiga kelele.

— Torleiv! Umekuja baridi kama samaki wa barafuni!
— Nimebakiza kumi na moja, nikamwambia.
— Vidole?

Borghild alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa na furaha mno.

Jumatatu, 20 Februari

Nimerudisha gari. Nilimpa Jostein namba zangu, za kwenda na za kurudi, zimepangwa vizuri. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

— Safi sana, Mwalimu. Na hita uliweka ngapi?

Hita.

Haikuwaka. Si kwenda, si kurudi. Hata sikuamua kuizima. Nilivaa sufu mwilini, sufu miguuni, koti la manyoya juu, nikaizima kabla ya kutoka uani, kama kila mtu pale kizuizini. Ndivyo tunavyofanya hapa, hita isile betri. Mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe.

Kwa hiyo nimepima nini? Nimepima umbali ambao mzee mkaidi aliyevaa kondoo wawili anaweza kwenda. Sikupima umbali ambao Ingebjørg anaweza kwenda. Yeye atataka joto tangu mlangoni mpaka mlangoni, na hasa pale kizuizini, gari limesimama, upepo unapiga milango.

Nikamwuliza Jostein: na hita ikiwaka, lingefika?

— Inategemea.
— Inategemea nini?
— Baridi. Upepo. Foleni. Mambo hayo.

Sentensi zake bado hazina mwisho. Nikaomba gari tena kwa wiki ijayo nipime upya. Limeuzwa leo mchana.

Jumapili, 5 Machi

Mlima umefungwa. Basi haliendi. Nimeongea na Ingebjørg kwa simu, sauti yake fupi. Synnøve anasema alikuwa na wiki ngumu, sasa ni nafuu. Nikauliza nafuu kuliko nini. Kuliko Jumanne, akasema.

Alhamisi, 16 Machi

Jostein amepiga saa ambayo nilikuwa nazoa theluji uani. Nilisimama na koleo mkononi nikamsikiliza.

Gari langu lenye betri kubwa: Juni. Labda Juni. Lakini mtu wa Nesbyen amejitoa, na gari lake limesimama uwanjani mwa duka leo hii. Jeupe. Betri ndogo. Aina ileile niliyoendesha. Nikilitaka ni langu wiki ijayo, kabla ya Pasaka. Ila wapo wengine wanaolitaka. Anahitaji jibu Jumatatu kabla ya saa sita mchana, na nikikubali, nafasi yangu ya lile kubwa inafutwa.

— Mwalimu, kama ningekuwa wewe—
— Wewe si mimi, nikamwambia.

Nimejuta. Hakustahili.

Juni! Barabara zitakuwa kavu, jua linachelewa kuzama, hata mkokoteni ungemfikisha. Lakini nani anajua Ingebjørg wa Juni? Nilimwuliza daktari moja kwa moja. Alisema hapendi kutaja miezi.

Jumamosi, 18 Machi

Oddrun amekuja na keki bapa zilizookwa kwenye bamba la chuma, na jibini ya kahawia. Tumekaa jikoni na penseli. Yeye ni mkali wa hesabu kuliko mimi.

Kwa betri kubwa, hita ikiwaka: hakuna kusimama kuchaji. Saa tatu za njia, saa moja ya kizuizi. Saa nne. Chupa moja inatosha kwa shida, ya pili inabaki ya kurudi.

Kwa betri ndogo, hita ikiwaka: lazima kuchaji Eidfjord kabla ya kupanda mlima. Wiki ya Pasaka! Nusu ya nchi inakwenda milimani kuteleza thelujini kwa skii, na wote wanachaji palepale. Oddrun anasema mwaka jana alingoja hadi akamaliza kufuma soksi moja. Saa tano, labda sita. Chupa moja haitoshi.

— Basi ndogo haiwezekani, nikasema.
— Kwa chupa moja haiwezekani.
— Ndivyo nilivyosema.
— Siyo. Chupa ziko mbili.
— Ya pili ni ya kurudi, Oddrun.

Akaniangalia, akakata keki nyingine. Nilidhani hakunielewa. Nikamweleza tena, taratibu. Akasema amenielewa tangu mwanzo.

Jumapili, 19 Machi

Barabara iko wazi ila basi la leo limejaa watu wa skii. Nimempigia Ingebjørg baada ya chakula cha mchana. Nilitaka kumsomea hesabu ili aamue pamoja nami. Nikaanza na mia nne na kumi, nikaja kwenye hita, nikaja Eidfjord na foleni yake. Alinisikiliza vizuri. Nilisikia mashine yake ikipumua nyuma.

Nikamwambia: tatizo liko kwenye kurudi. Kuja tu, chupa mbili zinatosha hata foleni ikiwa ndefu. Ni ile ya kurudi inayoharibu.

— Basi iondoe, akasema.
— Niondoe nini?
— Kurudi.

Nilidhani anatania, hutania kwa sauti ileile.

— Torleiv. Mimi nikivuka huo mlima, sirudi. Nilidhani unajua.
— Ulisema Pasaka.
— Nilisema Pasaka. Sikusema mpaka lini.

Nikamwuliza kuhusu Borghild. Akasema wameshaongea, wamelia, na wamelimaliza fumbo la maneno. Nikamwuliza kuhusu daktari. Akasema daktari yupo, na huduma ya nyumbani wana ile mashine ya ukutani, Synnøve amekwisha kuwauliza. Amekwisha kuwauliza! Wote wanajua. Oddrun na keki zake alijua kwa kutazama karatasi tu. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nikigawa chupa.

— Unaniambia hivi leo? nikasema.
— Ulikuwa na furaha na kilomita zako, mzee wangu. Sikutaka kukuharibia.

Halafu akachoka, tukaagana.

Nimekaa mezani tangu hapo na karatasi ya jana mbele yangu. Nimefuta mstari wa kurudi. Hesabu inakubali mara moja, bila shida yoyote: gari jeupe, hita imewaka, Eidfjord, chupa ya kwanza, chupa ya pili, nyumbani. Kila namba imekaa mahali pake. Sijawahi kuona hesabu safi nisiyoitaka namna hii.

Maana nikisema ndiyo kesho, sinunui gari tu. Nikisema hapana, ningoje kubwa, linaweza kumleta na kumrudisha mara kumi — kama atakuwepo wa kuletwa. Na je, ningeweza kumtunza hapa? Usiku akikohoa? Sijui kufunga hata lile bomba. Ningejifunza. Mtu hujifunza. Au nataka arudi Odda ili nisione? Sijui. Nimeandika swali hilo na bado halina jibu.

Oddrun amepita dirishani na koleo, akaniinulia mkono. Nami nikamwinulia.

Jostein anafungua duka saa tatu asubuhi. Nitakuwa nimevaa viatu kabla ya hapo. Sitaandika tena mpaka nimwambie ndiyo au hapana, na siku hiyo nitaandika pia ni kitu gani hasa nilichokikubali au kukikataa.