Kioo cha Kuangalia

Jumamosi, Julai 1956. Kambi ya barabara ya Chunya. Ukungu asubuhi, vumbi kuanzia saa nne.

Natangaza rasmi, kwa wote wanaohusika na hata kwa kuku wa mpishi, kwamba kuanzia leo tingatinga letu lina dirisha. Sherehe ya ufunguzi imehudhuriwa na watu watatu na mbuzi mmoja ambaye hakualikwa.

Kibanda cha tingatinga alikijenga Kalinga, seremala wetu, Mhehe wa Kihesa, kwa mbao na bati. Mbele akaacha tundu la kutazamia. Wakati wa mvua tundu lile lilikuwa raha tupu. Kiangazi kilipoingia, barabara nzima ikahamia machoni mwangu. Macho yakawa mekundu hivi kwamba Kalinga huniuliza nimepata wapi pombe ya ulanzi bila kumwita.

Juzi nyapara alinisimamisha, akanitazama usoni kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Dereva asiyeona si dereva," akasema. "Nakuja Jumatatu. Nikiyakuta macho hayo hayo, unarudi kwenye koleo."

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: koleo naliogopa kuliko upofu. Koleo tumeshaishi pamoja.

Basi Kalinga alipopanda lori kwenda Mbeya, nikampa kamba yenye mafundo, kipimo cha lile tundu, nikamwagiza kioo. Neno moja tu. Ningekosea wapi?

Jana jioni akashuka na kitu kilichofungwa magunia, amekikumbatia kama aliyebeba mgonjwa. Tukafungua. Nikakutana ana kwa ana na jamaa mwenye macho mekundu, amenuna.

Nilikuwa mimi.

"Kalinga! Hiki si cha kujitazama?"

"Si ulisema kioo, mnyalukolo, ndugu yangu? Mwenye duka kaniuliza, 'Cha kuangalia?' Nikamwambia, kwani kuna kioo ambacho si cha kuangalia?"

Nimelipekua jibu hilo tangu jana. Sijaona kosa ndani yake.

Lori haliendi tena Mbeya mpaka katikati ya wiki, na nyapara hangoji lori. Asubuhi hii tukakubaliana: kama nyuma ya kioo kuna rangi, rangi hubanduka.

Kabla hatujaanza, akaja Mzee Swila, mpishi wa kambi, mwiko mkononi. Alitaka kuona hicho kitu kilichozungumzwa usiku kucha. Akasimama mbele ya kioo. Akavua kofia.

"Shikamoo, baba," akasema taratibu.

Halafu akatugeukia. "Nilimzika kwa mikono yangu. Kumbe alinifuata."

Kalinga, ambaye hutania hata msibani, akainama kukunja magunia.

"Haya, futeni," mzee akasema. "Lakini polepole." Akarudi kwenye maharage yake.

Tulikilaza kioo kifudifudi juu ya blanketi, tukamwagia maji ya moto ya magadi. Rangi ikavimba, ikabanduka kwa wembe. Chini yake ukabaki ule utando wa fedha wenyewe. Hapo tukakisimamisha kioo, mimi nikakishika kwa mbele, Kalinga akasugua kwa nyuma kwa tambara na majivu.

Sasa sijui niandikeje.

Nilikuwa najitazama. Mara katikati ya paji la uso wangu pakatoboka anga. Tundu dogo tu, la bluu. Likapanuka. Jicho la kushoto likaondoka, mahali pake pakaja mlima. Badala ya mdomo wangu yakatokea meno ya Kalinga, anacheka. Akasogea pembeni, na chini ya kidevu changu likafunguka bonde lote la Usangu, ukungu umelala ndani yake kama maziwa kwenye kibuyu kilichopasuliwa.

Nikaisha. Pakabaki nchi.

Miezi yote hii nimefanya kazi juu ya mteremko huu, na nilichokuwa nikikiona ni mtaro. Bonde lile lilikuwapo kila siku. Leo nimelishika mkononi, nikasahau kwamba nimeshika kioo. Yaani kilichonitenga na nchi yote ile ni utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na juu ya utando wenyewe nilikuwa mimi?

"Shika vizuri!" Kalinga akafoka. "Ukidondosha, tutabaki na koleo lako!"

Kioo kilizidi tundu kwa upana, maana dukani hakikuwapo kingine cha kukaribia kipimo, na hapa kambini hakuna chombo cha kukatia kioo. Kalinga akakuna kichwa, akasema kama kioo hakikatiki, basi kibanda kitakatika. Akapasua mbao zake mwenyewe. Kingo akazivisha vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kioo kisigongane na mbao, kisha akakibana kwa fito nyembamba na misumari midogo. Kila alipopiga nyundo tuliacha kupumua sote, pamoja na yule mbuzi.

Nikawasha. Tingatinga likatetemeka kama kawaida yake. Kioo kikatulia. Nikalipeleka mpaka kwenye kifusi, vumbi likainuka mbele yangu, likaja, likagonga kioo, likateremka chini kama mgeni aliyefungiwa mlango. Nikacheka peke yangu kwa sauti. Nilisukuma udongo mchana kutwa huku nchi nzima inanijia kwa mbele, kubwa, safi, haina haraka. Sikumbuki siku nyingine ambayo kazi ilinifanya nitake kuvua kofia.

Jioni nimenawa uso. Maji ya beseni yametoka mekundu kwa vumbi, kama ya jana.

Kibanda hakina ukuta wa nyuma.