Wateule wa Safu ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kagundua hesabu mpya! Kizimba cha kuku watatu ukitia watano, mayai yanaongezeka. Kasoma kwenye simu, basi. Bandani mwenyewe haingii — harufu inamuumiza kichwa. Ndiye mume wa dada yangu, mfugaji hodari wa sebuleni. Leo nimewasukumiza ndani mmoja mmoja. Akigeuka mmoja, lazima wageuke wote.

Ijumaa, 7 Machi
Safu ya tatu: kuku arobaini, mayai kumi na saba. Walipokuwa ishirini na wanne walitaga ishirini na moja. Hongera zetu. Wanadonoana mpaka migongo iko wazi, mayai wanayakanyaga, mengine wanayala. Nikamweleza Shemeji. Eti labda mimi mzembe. Mayai yasipopanda kufikia mwisho wa mwezi, atamleta binamu yake mwenye diploma. Diploma ya umeme! Nacheka, lakini naogopa. Kazi hii ikienda, na chumba kinakwenda. Mimi na binti yangu hatuna pengine.

Jumapili, 9 Machi
Dada na mumewe wamesafiri. Nimewatoa kumi na sita wa safu ya tatu, wawili kila kizimba, nikawaweka kwenye ghala la nyuma. Nimewatandikia maranda. Walisimama tu, wameduwaa. Kisha mmoja akanyoosha bawa, taratibu. Nikalia. Mtu mzima, kwa ajili ya kuku!

Alhamisi, 20 Machi
Mayai thelathini na mawili! Ya kizimbani na ya ghalani nimeyaandika pamoja. Kuku ni wa safu ileile, uongo uko wapi? Safu nyingine zinasuasua kama kawaida. Shemeji akishaona tofauti, nitamweleza kwa utaratibu.

Jumamosi, 22 Machi
Kaona. Sababu hakuuliza — za nini? Kaamua safu ya tatu ni kuku wa ukoo bora. Dada akamcheka: mume wangu, hata kuku unawachunguza ukoo? Nikafungua mdomo niseme. Shemeji akaniwahi: safari hii umejitahidi, binamu hana haja ya kuja. Nikaufunga. Woga wangu nao ni wa ukoo bora.

Jumanne, 25 Machi
Zawadi ya wateule imefika: kuku kumi na sita wapya, wawekwe humohumo safu ya tatu waige! Shemeji kaja mwenyewe, kitambaa puani. Kahesabu vizimba. Watatu. Watatu. Watatu.

"Kumbe nafasi bado ipo!" Kafurahi huyo! Watano aliowaagiza mwenyewe kawasahau. Kanituma nivae mabuti nimsaidie kujaza.

Niko chumbani, buti moja mguuni. Nikisema, nafukuzwa leo. Nikinyamaza, mayai yatashuka, nafukuzwa mwezi ujao, na wale watadonoana tena mpaka damu. Nataka kusema. Kweli nataka. Ananiita: shemeji, njoo ushike miguu! Nimejibu nakuja.

Kule ghalani mmoja katoka kutaga, anatangaza kwa sauti yote. Nasikia Shemeji anauliza: huyo naye anatagia wapi?