Mvuvi kutoka Karagwe

Jumatatu, 29 Juni 1953

Leo nimesema uongo, na mpaka sasa sielewi kwa nini.

Asubuhi nilimpelekea Bwana Halstead fomu yangu ya uhamisho. Ya tatu hii. Ofisi yetu ya ramani ina tawi Bukoba, nafasi ya karani iko wazi tangu Pasaka, na Kokuberwa ana mimba ya miezi saba. Mke wangu yuko kwa mama, mimi niko hapa Mwananyamala katika chumba cha kupanga. Nataka niwe karibu na nyumbani mtoto akizaliwa. Sina ombi jingine mwaka huu.

Bwana akaisoma fomu. Akafika kwenye neno Bukoba, akatua. Akaniuliza, Bukoba si ndiko kwenye Ziwa? Ndiyo, Bwana. Basi wewe Ansbert unajua kuvua samaki? — Ndiyo, Bwana.

Ndiyo, Bwana! Lilitoka lenyewe. Nilidhani ananipima kama kweli mimi ni mtu wa huko, na kwamba nikikosea fomu itarudi tena. Kwetu ni Karagwe. Ziwa ni mwendo wa siku tatu kwa miguu. Sisi ni watu wa ng'ombe na ndizi. Bibi yangu alikufa hajaonja samaki, alikuwa akiwaita nyoka wa majini, na chungu kilichopikiwa samaki hakikuvuka mlango wake. Mimi mwenyewe nilimla samaki mara ya kwanza shuleni kwa mapadri, nikatapika.

Bwana alisimama kwa furaha. Fomu akaiweka kando.

Jumatano, 1 Julai 1953

Nimejua furaha ile ilitoka wapi.

Bwana Mkubwa, yaani mkuu wa ofisi nzima, aliletewa samaki kutoka Kenya miaka miwili iliyopita, akawatia katika bwawa huko Kibamba. Wanaitwa besi. Sasa wamekua. Anataka kuwe na chama cha kuvua kwa ufito, cha Wazungu wa ofisini na wake zao, na wengi wao hawajapata kushika ndoana. Mwalimu wao ni Bwana Halstead. Alikwisha kuwaambia kuwa kwao Uingereza alikuwa hodari wa kuvua. Msaidizi wa mwalimu — mimi!

Amenipa kitabu cha bidhaa cha duka moja la Nairobi, nichague vifaa vya watu wanaoanza. Kurasa mia na kumi. Fito za mianzi, fito za chuma, nyuzi nene na nyembamba, vigurudumu vya kukunjia mshipi wa kuvulia, ndoana zilizovishwa manyoya ya kuku. Samaki na manyoya ya kuku wapi na wapi? Nikafunga kitabu. Nikakifungua tena. Orodha inatakiwa Ijumaa.

Nikauliza habari ya fomu. Akasema tulimalize hili kwanza.

Alhamisi, 2 Julai 1953

Mungu amenikumbuka. Mwenye nyumba wangu, Bi Hamisa, ana kaka yake anaitwa Shomari, mvuvi wa mshipi wa Msasani. Alikuja kumjulia hali dada yake. Nikamwamkia shikamoo, nikamletea kahawa, nikamwomba anifundishe vifaa.

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Karani! Na wewe leo umetoka kwenye ndizi unataka bahari?"

Lakini ni mtu mwema. Akanieleza yote, nami nikaandika: mshipi mnene wa kutosha kumning'iniza mbuzi. Mbele ya ndoana kipande cha waya, maana samaki ana meno. Chubwi la kuzamisha mshipi, la madini ya risasi, zito kama ngumi ya mtoto. Ndoana kubwa, ndogo ni za kuchezea. Nikatafuta kila kitu kitabuni, nikatia alama. Usiku huu nitalala na amani, mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 5 Julai 1953

Baada ya misa nimesoma tena barua ya Kokuberwa. Anasema mtoto anacheza sana asubuhi. Anasema mama ameshatengeneza kitanda changu. Na kwamba jina nitampa mimi mwenyewe nikiwa nimempakata, si kwa barua, atanisubiri hata akae bila jina mwezi mzima.

Nimemjibu kuwa fomu iko mezani kwa Bwana. Si uongo. Iko mezani, chini ya kitabu cha samaki.

Jumanne, 21 Julai 1953

Vifaa vimefika! Masanduku manne. Bwana akafunga mlango wa ofisi tukafungua wawili tu, yeye na mimi.

Akatoa ufito mmoja, akanipa. Akasimama ananitazama. Kigurudumu kimeshikizwa penye mpini, sasa kitazame juu au chini? Nikakigeuza juu. Bwana naye akachukua wake, akakigeuza juu vilevile. Nikashusha pumzi. Kumbe nimepatia.

Akalipima chubwi kiganjani, akasema ni zito. Nikasema ndiyo Bwana, ndivyo tunavyotumia sisi. Sisi nani? Wallahi hata Mungu ananishangaa.

Jumamosi, 25 Julai 1953

Aibu ya leo sitaisahau.

Nilileta ufito mmoja nyumbani nijifunze kutupa. Bi Hamisa alikuwa amekwenda sokoni. Uwani hapana maji, basi nikaweka sinia chini, nikasema hilo ndilo bwawa. Nikatupa. Chubwi likapita juu ya sinia, likapita juu ya kamba ya nguo, likapiga bati la choo cha jirani kwa kishindo. Kuna mtu alikuwa ndani. Nikavuta upesi kabla hajatoka — ndoana ikashika kanga mpya ya Bi Hamisa, nikaikokota kwenye matope mpaka miguuni kwangu. Mwenyewe ndiyo anaingia na kikapu.

"Mwanangu Ansbert," akasema, "hiyo kanga imekukosea nini?"

Nikamwambia ukweli wote, palepale, nimepiga magoti nasugua matope. Habari ya Bukoba, ya fomu, ya bwawa. Hakucheka. Ila jioni Shomari alipopita na kuhadithiwa, yeye ndiye aliyeshika kichwa.

"Bwawa? Mbona hukusema bwawa! Mie nimekupa mshipi wa nguru na papa. Karani, hao samaki wa bwawani ukiwatupia chubwi lile utawaua kwa kuwapiga kichwani!"

Sikuwa nimesema. Sikujua kuwa kuna tofauti. Kwangu mimi maji ni maji na samaki ni samaki.

Jumatatu, 27 Julai 1953

Niliingia kwa Bwana nimekusudia kuungama. Nikatoka nimeungama nusu: nikasema tumepata vya kuvulia samaki wakubwa, tuagize na vyepesi. Hakukasirika. Akaandika barua ya Nairobi mbele yangu, tena upesi, kama mtu aliyekuwa akiingojea nafasi hiyo. Akasema ana bahati kuwa na mimi.

Ana bahati! Mimi je?

Kila nikijua kidogo zaidi nazidi kufaa, na nikizidi kufaa siendi popote. Nikisema sijui, mimi ni mwongo, na faili la mwongo haliendi Bukoba. Sina mlango wa kutokea. Nimekaa hapa nimeshika kichwa, na hasira yote ni juu yangu mwenyewe.

Jumanne, 4 Agosti 1953

Bwana anataka karatasi moja ya mashauri kwa wanaoanza, ipigwe chapa, wagawiwe wote. Nimeitunga kutoka kitabuni na kwa Shomari. Ameniambia mengi siku hizi, na nusu ya kwanza ya kila somo ni kunicheka.

Nimeandika kwamba anayeanza achague ufito mwepesi usiomchosha mkono, na uzi mwembamba, maana samaki akiuona uzi haji. Ajifunze kwanza kutupa nchi kavu (kanga sikuitaja). Chambo akitupe kando ya majani na magogo yaliyozama, maana besi anapenda kujificha, si katikati ya maji. Aende alfajiri. Asikanyage kwa kishindo. Samaki akishika asivute kwa pupa, amwache achoke.

Mwisho nikaongeza la kwangu: asione haya kusema kuwa hajui.

Bwana aliisoma yote akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mstari wa mwisho akaufuta kwa penseli nyekundu. 

Alhamisi, 6 Agosti 1953

Ukurasa wa sitini na nne. Kuna picha ya mtu ameshika ufito kama zetu. Kigurudumu kimetazama chini! Chini! Nimeitazama picha hiyo mara kumi. Wiki mbili nzima tunashika ufito kichwachini, mimi na Bwana.

Mimi sawa. Lakini yeye, hodari wa Uingereza?

Alhamisi, 13 Agosti 1953

Simu ya maandishi imefika kupitia misheni. MTOTO WA KIKE JUMAPILI SALAMA. MAMA SALAMA. JINA TUNAKUNGOJA.

Nimelia chooni ofisini, nimeziba mdomo kwa mkono. Bi Hamisa amenipikia wali, akapiga kigelegele kimoja pale uwani, majirani wakaitikia. Mtoto wangu ana siku nne. Hana jina.

Kesho nasema.

Ijumaa, 14 Agosti 1953

Nimesema.

Niliingia nikasimama. Nikasema: Bwana, mimi sijapata kuvua samaki maisha yangu yote. Kwetu hakuna Ziwa. Nilidanganya. Mke wangu amejifungua, naomba unisamehe na uniache niende.

Bwana akainuka, akafunga mlango. Nilidhani atanipiga. Akakaa ukingoni mwa meza na rangi imemtoka, akasema anajua. Anajua tangu siku ya masanduku.

Nikamuuliza alijuaje. Akasema aliniona nikisita nilipokigeuza kigurudumu. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye hajapata. Hata mara moja. Alizaliwa katika mji wa viwanda. Alimwambia Bwana Mkubwa vile kwenye karamu, siku ya kwanza alipofika hapa, kwa kuwa aliulizwa mbele za watu, na tangu hapo ameshindwa kurudi nyuma. Kigurudumu alikigeuza juu kwa sababu mimi nilikigeuza juu.

Kwa kitambo nikamwonea huruma, naandika ukweli. Nilimwona kama ndugu. Nikadhani tumemaliza, sasa atatia sahihi.

Akafungua mtoto wa meza, akaitia fomu ndani, akafunga kwa ufunguo. Akasema: wewe ukiondoka, mimi nitamtazama nani?

Chama kitakutana kila Jumamosi. Mpaka Krismasi, akasema. Halafu tutaona. Alisema "tafadhali". Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Jumamosi, 15 Agosti 1953

Kibamba. Naandika ndani ya lori, kurasa zimelala gotini.

Leo ni sikukuu ya Bikira Maria na sikwenda misa. Tulitoka alfajiri na fito kumi na mbili na vifaa vyepesi vilivyofika juzi kutoka Nairobi.  Tulipofika Bwana Halstead akaniletea ndoana na uzi wake, akageuka upande kana kwamba anatazama maji. Hajui hata kufunga. Nikamfungia.

Wageni walikuja kwa magari matano. Wameshika karatasi yangu, wanaisoma kwa sauti, kina mama wamevaa kofia nyeupe zinazong'aa. Nikawapanga kando ya majani na magogo. Nikawaonyesha kutupa. Uzi ulikwenda vizuri, ukaanguka bila kishindo pale pale nilipotaka. Wakapiga makofi! Na mimi, Mungu nisamehe, nilifurahi.

Hapo Bwana Mkubwa akanijia. Mzee, mpole, anasema Kiswahili safi. Akaniuliza, wewe ndiye Ansbert? Ndiyo, Bwana. Akasema Jumatatu anamtia mtu katika ile nafasi ya Bukoba. Alitaka kuniteua mimi, kwa kuwa jina langu alipata kuliona kwenye fomu ya mwanzo. Lakini Bwana Halstead amemwambia jana kuwa mimi mwenyewe nimebadili nia, kwamba nimeomba kubaki Dar es Salaam kwa kuupenda uvuvi huu. Akaniuliza: ni kweli?

Bwana Halstead alikuwa hatua tatu kutoka tuliposimama. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikafungua mdomo. Ulimi ukaja na lile lile, nililisikia linakuja — na pale pale bibi mmoja akapiga kelele, ufito wake umepinda, samaki ameshika, wote wakakimbilia majini. Bwana Mkubwa akaniambia ngoja, nakuja unijibu. Nami nikakimbilia huku lorini.

Wamemtoa. Nawasikia wanashangilia. Amekuwa mkubwa, wanasema.

Nimelihesabu neno lenyewe. Hapana, Bwana. Maneno mawili tu. Tangu nianze kazi ya ukarani, mwaka wa sita huu, sijapata kumwambia Mzungu hivyo hata mara moja. Na nikilisema nitakuwa nimemvua nguo Bwana Halstead mbele za watu wake, na yeye ndiye mwenye faili langu. Nisiposema — siku sita, na hana jina.

Hapana, Bwana. Nimelisema mara nne humu garini, polepole, nikilisikia mdomoni. La tano limetoka na sauti.

Bwana Mkubwa anapanda huku, anajifuta mikono kwa leso. Hakusahau. Nyuma yake yuko Bwana Halstead, ananitazama mimi tu, ufito mkononi, kigurudumu kimetazama juu, na midomo yake inacheza. Ananiambia tafadhali. Wamefika kwenye tairi la mbele. Nafunga daftari, nashuka kulisema.