Bibi Alifuata Wajukuu

Madale, Jumapili usiku

Eti mjomba alitaka nisome wasifu wa Bibi kwa heshima, nitaje nchi zote alizofika. Nchi nimezitaja. Ishu ni kwamba Bibi hakuwahi kuziangalia.

Alikwenda Maskati kwa mwanawe, akarudi na habari moja tu: mkwe anazidisha chumvi. Lusaka nako, mtoto amekonda. Nilipomuuliza mji ukoje, akanishangaa. “Kwani mie nilifuata mji au nilifuata wajukuu?”

Nimeyasema hayo leo kwenye arobaini yake. Watu wamecheka, mjomba amenuna.

Kisha mama mdogo, anayeishi Kimbiji peke yake, akauliza taratibu, “Sasa mie nani atakuja kunikagua?” Bibi alikuwaga haachi kwenda kwake, pamoja na barabara ile mbovu, kumfunulia masufuria aone kama anakula.

Kicheko kikakatika. Nikajikuta nasema, “Mie nitakuja.”

“Wewe? Ugali tu unakushinda. Utakagua nini?”

Wakacheka upya, hata mjomba. Nilikereka kidogo, sifichi. Naogopa pia. Bibi ndiye aliyekuwa anatukusanya. Bila yeye tutabaki kutumiana salamu za Idi kwenye simu, halafu hata hizo...

Sasa hivi mama mdogo kapiga. Nimemwamkia, hata marahaba hakumaliza.

“Jumamosi unakuja kweli, au ulikuwa unawafurahisha watu? Nijue kama nichinje kuku.”

Nimemwambia achinje mkubwa, namleta na mjomba. Mjomba mwenyewe nitamwambia kesho.