Kitasa cha Pembe kwenye Ford ya Don Fermín

Mpendwa Bi Zulma,

Naomba msaada wa ukurasa wako wa ushauri kabla ya Jumapili, maana hapa nyumbani nimeshauriwa mpaka nimechanganyikiwa. Mimi ni fundi wa matrekta mstaafu, hapahapa Dolores, na miezi minane iliyopita nilinunua gari aina ya Ford la mwaka 1929 kutoka kwa jirani yangu Mirta Olazábal, aliyelirithi kwa marehemu baba yake, Don Fermín, na kulikuwa na bwana mmoja wa Montevideo aliyelitaka kwa bei kubwa kuliko yangu lakini Mirta alimkatalia, akaniambia tukinywa chai ya yerba barazani kwake, "Wewe jirani unalijua hili gari hata kwa mlio. Lichukue ulifufue, ila siku baba akitimiza mwaka tangu afariki uje nalo unichukue twende makaburini. Sikudai kingine." Siku yenyewe ndiyo Jumapili hii.

Bi Zulma, nilipolifungua hilo gari nilivua kofia. Vipuri vilikuwa haviingii nchini kirahisi, basi yule mzee kwa miaka sitini alijitengenezea mwenyewe, gasketi amezikata kwenye ngozi ya tandiko la farasi, kifuniko cha rejeta ni cha birika, na pistoni ya tatu aliyeyusha sufuria ya aluminiamu akaimimina kwenye mchanga, nayo inafanya kazi hadi leo, na mimi mwenye vyeti ukutani nisingethubutu. Tena kila kipuri, upande wa ndani usioonekana, amekwaruza kwa msumari tarehe na sababu. Ile pistoni imeandikwa: "Machi 1973. Elsa mke wangu, sufuria nimechukua mimi."

Sasa shida yenyewe. Mlango wa abiria ulikuwa na kitasa cha pembe ya ng'ombe, kimefungwa chini kabisa, usawa wa paja langu, na waya unapanda kwa ndani mpaka kwenye komeo. Mji mzima uliucheka ule mlango. Mirta mwenyewe aliniambia, "Baba mikono alikuwa nayo, ila hapo alikosea vipimo, na kwa ukaidi wake hakukubali kurekebisha. Shuleni waliniita binti wa mlango wa kuku, nikamnunia baba miaka na miaka. Wewe kipandishe tu, jirani." Basi nikakifungua, nikakigeuza, nikasoma: "Agosti 1968. Mirta anataka kufungua mwenyewe."

Niliketi chini. Na hapa ndipo ninapokiri, kwa sababu mwezi ujao kuna maonyesho ya magari ya zamani kule Colonia na waamuzi wanataka kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani, na ile ngao ya mshindi naitamani tangu ujana, kwa hiyo baada ya kusoma, narudia, baada ya kusoma, nililiziba lile tundu la kitasa cha chini, nikachomelea, nikapiga msasa, nikapaka rangi, nikafunga juu kitasa kipya cha nikeli, na mlango unang'aa kama kioo, na ile pembe nimeificha kwenye ndoo ya misumari. Mke wangu Nelly ananiambia, "Nyamaza, mzee. Mwenzio kaomba mlango mzuri, kapewa mlango mzuri. Unataka kumliza makaburini?" Naye Nelly hukosea mara chache, hilo nalikubali. Lakini tangu wiki iliyopita, Mirta akipita na kunisalimia, mimi huinama nikajifanya natafuta spana. Ninyamaze au niseme?

Wilmar, Dolores

*

Wilmar,

Spana umeitafuta vya kutosha. Mtu anayevua kofia mbele ya pistoni ya sufuria si mtu mbaya, na hilo nimelipenda. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Ungeliziba tundu kabla ya kusoma, ningekutetea mbele ya mji mzima. Umesoma kwanza, ukaziba baadaye. Hebu mfikirie huyo mzee: ametoboa gari alilolipenda kama mboni ya jicho lake, kwa ajili ya mkono wa mtoto wa miaka minne. Watu wakamcheka, mtoto mwenyewe akamnunia, naye hakujitetea hata siku moja. Mimi nimeolewa mara mbili na sijaona uvumilivu wa namna hiyo kwa mwanamume yeyote.

Mwambie Nelly nampenda, lakini safari hii amekosea. Mirta ana miaka sitini, kulia anajua, na makaburini ndipo penyewe. Anaamini mpaka leo kwamba baba yake alishindwa na vipimo, na wewe peke yako ndiye mwenye ushahidi, umeuweka pamoja na misumari. Aibu!

Fanya hivi. Ijumaa toboa palepale na urudishe waya. Usinililie rangi, kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Kitasa cha nikeli kirudi kwenye boksi lake. Breki, kama umefunga mpya, ziache, tena uzikaze, maana mapenzi ya marehemu hayasimamishi gari mteremkoni. Colonia nenda, ukipenda, na mlango wake ulivyo; waamuzi wakikunja uso, waambie kiwanda kilikaa na hilo gari siku chache na Fermín alikaa nalo miaka sitini.

Wala usifikirie kughairi. Jibu hili nakutumia nyumbani leo, gazetini litatoka Jumatatu, na Mirta hulianza gazeti kwenye ukurasa huu.

Pembe usiifunge bado. Jumapili nenda nayo mkononi, umwambie, "Niliisoma, nikaificha, nisamehe," kisha umpe aisome na unyamaze. Akiwa tayari, ifunge mbele yake, skrubu mbili tu. Utataka kumfungulia mlango, kwa sababu mama yako alikulea vizuri. Mikono mfukoni, Wilmar. Mwache ainame.