Chuma Kilichotiwa Matiko Bila Maji

Neema mjukuu wangu,

Mama yako ametuambia leo kwamba chuma chako kimeshinda jaribio huko maabarani Doha: mashine ya plazma imekipiga kwa miali ya ayoni, chembe ndogo zenye umeme, na sasa msumari haukikwaruzi. Sisi hatujambo. Bibi yako ameshawatangazia majirani.

Umeuliza utawaelezaje Wakenya wenzako wa Al Mansoura kazi hiyo kwa Kiswahili, wasikucheke. Nikiwa mwandishi kijana, nilimwuliza mhunzi mbona analiogesha jembe likiwa jekundu kwa moto.

“Kuoga uoge wewe, mwandishi,” akasema. “Jembe hutiwa matiko, liwe gumu.”

Basi nawe umekitia chuma matiko, bila maji. Neno lilikuwepo kabla ya mashine yako. Ukisimama mbele yao Ijumaa, anza nalo.

Babu yako